Sifa za Maria Callas zinapimwaje? Majibu kwa barua zenu

Barua nyingi tulizonazo mezani safari hii zinamhusu mtu mmoja: Maria Callas, soprano wa Kigiriki aliyezaliwa New York Desemba 1923 na kufariki Paris Septemba 1977. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake, lakini wengi wenu mnatafuta jambo moja: wahakiki walimsifu kwa lipi hasa, na msikilizaji atajuaje kama sifa zile ni za haki? Jibu letu ni kwamba sifa ya kweli huonyesha mahali. Inakwambia ni tendo lipi, mstari upi, noti ipi, nawe unaweza kwenda ukasikilize mwenyewe.

Ndugu Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba Callas ndiye soprano bora wa karne ya 20. Nikatafuta rekodi zake, nikakuta sauti kali, mahali pengine kama imebanwa kooni, na noti za juu zinayumba. Renata Tebaldi ananipendeza zaidi. Je, wahakiki walikuwa wanasifia jina tu? — Msomaji, Dar es Salaam

Ndugu msomaji, masikio yako hayajakudanganya. Hata wahakiki waliompenda sana walikiri kwamba kwa utamu wa sauti Tebaldi alimzidi. Sauti ya Callas ilikuwa kama sauti tatu: chini nzito ya kifua, katikati iliyofunikwa kidogo, juu yenye makali. Nchini Italia wahakiki waligawanyika tangu miaka yake ya mwanzo, na ubishi ule haujaisha.

Ila sifa zake hazikuhusu utamu. Zilihusu kile alichoweza kukifanya na sauti hiyo. Chukua Januari 1949, ukumbi wa La Fenice, Venice. Callas alikuwa akiimba Brünnhilde katika opera ya Wagner, Die Walküre, nafasi inayotaka sauti kubwa ya kupenya okestra nzito. Margherita Carosio, aliyepangiwa kuimba Elvira katika I puritani ya Bellini, akaugua. Kondakta Tullio Serafin akamkabidhi Callas nafasi hiyo, naye akaijifunza kwa siku chache huku akiendelea na Wagner. Elvira anataka kinyume kabisa: mistari mirefu laini, ngazi za noti zinazoteremka kwa kasi, mapambo mepesi. Kwa desturi ya wakati ule nafasi hizo mbili zilikuwa za wanawake wawili tofauti, na wengi waliona ni wazimu. Alipoziimba zote mbili ndani ya mwezi mmoja, ndipo jina lake lilipoenea Italia nzima.

Mhakiki Teodoro Celli alieleza jambo hili vizuri kuliko wengi. Kwake, Callas hakuwa kioja kipya. Alikuwa amerudisha aina ya soprano iliyokuwepo mwanzoni mwa karne ya 19, mwenye uzito na wepesi kwa pamoja, kama Giuditta Pasta, aliyeimba Norma, katika opera ya Bellini ya jina hilohilo, kwa mara ya kwanza kabisa La Scala, jumba la opera la Milan, Desemba 1831. Ukiitazama hivyo, zile sauti tatu ndani ya mtu mmoja zinaanza kueleweka.

Wapenzi wa taarabu hawatashangaa. Hakuna aliyempenda Bi Kidude kwa sababu sauti yake ilikuwa laini kama hariri. Endelea kumpenda Tebaldi, hakuna ubaya wowote. Tunakuomba tu usimpime Callas kwa kipimo cha Tebaldi.

Assalamu alaykum. Nimeelewa kuwa Callas alisifiwa zaidi kwa uigizaji wake jukwaani kuliko kwa sauti. Lakini ameshafariki, jukwaani hatumwoni tena. Nianzie wapi, na niangalie nini? — Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam. Anza na tendo la pili la Tosca ya Puccini, katika ukumbi wa Covent Garden, London. Onyesho lilianza Januari 1964 likiongozwa jukwaani na Franco Zeffirelli, na tarehe 9 Februari tendo hilo moja lilirekodiwa kwa ajili ya televisheni. Tito Gobbi anaigiza Scarpia, mkuu wa polisi wa Roma. Filamu za Callas akiwa ndani ya mavazi ya opera ni chache mno, kwa hiyo hii ni hazina.

Kwanza soma maneno ya tendo zima kwa tafsiri, hata ya Kiingereza, kabla hujabonyeza chochote. Kisa ni kifupi: Scarpia anamtesa mpenzi wa Tosca katika chumba cha pili, Tosca anasikia mayowe, anatoa siri, kisha Scarpia anamtaka mwili ili amwachie mpenzi wake. Tosca anakubali, lakini anamuua kwa kisu cha mezani.

Mara ya kwanza tazama bila sauti. Ndiyo, zima sauti kabisa. Mtazame Callas wakati Gobbi ndiye anayeimba. Hapo ndipo wahakiki walipomwona tofauti na wenzake: hangoji zamu yake. Mwili wake unajibu kila neno la Scarpia kabla mdomo haujafunguka, na ukimtazama kwa makini utaona jibu hilo linakwenda na mpigo wa muziki.

Mara ya pili sikiliza bila kutazama, karatasi ya maneno mkononi. Ngoja aria, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja, "Vissi d'arte", ambayo ni takriban dakika tatu. Inaanza kwa sauti ndogo sana. Puccini ameandika kwamba iimbwe kwa ulaini mkubwa na hisia nyingi, na kosa la kawaida la maprimadona ni kuianza kwa nguvu kwa sababu wanajua ukumbi unaisubiri. Ukianza kwa nguvu huna pa kupanda. Karibu na mwisho, kwenye neno "Signor", sauti inafika B-flati ya juu, kisha inateremka kwenye "ah", kisha inashuka hadi mwisho wa mstari. Katika filamu ya 1964 B-flati hiyo inayumba waziwazi. Usijifanye hukusikia. Sikiliza sasa kinachofuata: jinsi anavyoishusha sauti kutoka noti ile hadi swali la mwisho, "mbona wanilipa hivi?", bila kuvunja uzi. Mteremko huo ndio uliosifiwa.

Mara ya tatu tazama na kusikiliza pamoja, kuanzia pale Scarpia anapoketi kuandika kibali cha safari. Tosca anaifikia meza ya chakula, anachukua divai, macho yanakikuta kisu. Hapa soprano wengi huonyesha kwamba wamekiona: wanashtuka, wanakigeukia, hadhira yote inajua. Linganisha na Callas, uone anavyochelewesha. Halafu linakuja pigo, na maneno "Questo è il bacio di Tosca", hili ndilo busu la Tosca. Sikiliza sauti ya kifua anapomuuliza Scarpia kama damu inamkaba, na anaporudia kumwambia afe. Sauti hiyo ni mbichi, karibu na usemi, na soprano wengi huiogopa kwa sababu ukiisukuma kwa hasira inakwaruza koo na noti za juu zinazofuata zinaharibika.

Mwisho, "E avanti a lui tremava tutta Roma": na mbele yake Roma nzima ilitetemeka. Puccini aliuandika mstari huu juu ya noti moja ya chini inayorudiwa, na wengi huusema tu bila kuuimba. Kabla na baada ya mstari huo ni kimya chenye kazi nyingi: kunawa vidole, kutengeneza nywele kwenye kioo, kukitoa kibali kwenye mkono wa maiti, kuweka mishumaa miwili, kuweka msalaba kifuani. Yote yameandikwa kwenye muziki na kila tendo lina noti zake. Soprano akitangulia au akichelewa kidogo tu, tukio linageuka kuwa mtu anayepanga vyombo.

Ukimaliza, tafuta rekodi ya studio ya Agosti 1953, iliyofanywa La Scala na kondakta Victor de Sabata, Gobbi huyohuyo akiwa Scarpia. Hapo sauti ni nzima zaidi na B-flati imesimama. Picha huna, ila utagundua kwamba kisu unakiona.

Mhariri, nafundisha kwaya ya kanisa. Katika tahakiki za Callas nakutana na maneno legato, trili na messa di voce. Naomba maelezo ambayo naweza kuyatumia kwa sikio, siyo ya kamusi. — Mwalimu wa kwaya, Moshi

Mwalimu, tunakupa na njia ya kupima, kwa sababu haya ndiyo maeneo ambako sifa hewa hujificha.

Legato ni kuunganisha noti bila ufa. Kipimo: sikiliza irabu tu. Kati ya noti na noti irabu iendelee kama uzi mmoja, konsonanti zipite upesi bila kuukata. Kinachoharibu legato kwenye noti za kasi ni kuingiza "h" ndogo, mwimbaji akawa anasema ha-ha-ha-ha ili kila noti isikike. Kwaya zetu nyingi hufanya hivyo kwenye Handel. Sikiliza rekodi ya Callas ya Novemba 1949 iliyofanywa Turin kwa kampuni ya Cetra, aria ya Elvira kutoka I puritani. Sehemu ya kasi, "Vien, diletto", ina ngazi zinazoteremka kwa nusu-toni. Kila noti inasikika peke yake, na huisikii "h" hata moja. Kipande hicho kifupi kilifanya kazi kubwa ya kuwashawishi waliokuwa na shaka.

Trili ni noti mbili jirani zinazobadilishana kwa kasi. Zote mbili lazima zisikike. Punguza mwendo wa rekodi hadi nusu, simu nyingi zina uwezo huo. Ukisikia noti moja tu inayotetemeka kwa upana, hiyo si trili, ni mtetemo uliolegea, hata kama mhakiki ameandika vingine.

Messa di voce ni kuanza noti moja kwa sauti ndogo, kuikuza, kisha kuipunguza, noti ikiwa ileile na irabu ileile. Ugumu wake uko kwenye pumzi: msukumo wa hewa ukiongezeka sauti inapenda kupanda juu ya noti, ukipungua inapenda kushuka. Kwa hiyo wachunge waimbaji wako mahali pawili: kilele cha kukuza, wasipande, na sekunde ya mwisho, wasishuke. Anza na sekunde nne za kukuza na nne za kupunguza, katikati ya sauti yao, kwa irabu "o". Usianze na noti za juu.

Mhariri, mhakiki mmoja alimsifu Callas kwa matamshi safi. Mbona mimi, ninayejua Kiitaliano kiasi, kwenye noti za juu sisikii neno hata moja? — Msomaji, Nairobi

Kwa sababu huko juu maneno hayawezekani, kwa Callas wala kwa mwingine. Irabu tunazitofautisha kwa mwangwi wa kinywa na koo. Mwangwi mkuu wa "i" na "u" uko chini, kwenye mitetemo 300 hadi 400 hivi kwa sekunde. C ya juu ya soprano ina mitetemo zaidi ya 1,000. Noti yenyewe imeshapita juu ya mwangwi unaoitambulisha irabu, kwa hiyo sikio halina cha kushika. Soprano mwenye akili hufungua taya na kuacha kila irabu ielekee "a", la sivyo sauti inabana. Mhakiki anayemlaumu soprano kwa kutosikika maneno kwenye C ya juu anamwonea.

Matamshi pimeni chini, kwenye noti za kati na kwenye resitativo, yaani sehemu zinazoimbwa karibu na usemi. Mfano mzuri ni tendo la tatu la La traviata ya Verdi, pale Violetta anaposoma barua ya baba wa mpenzi wake, Alfredo. Barua hiyo haiimbwi, inasemwa, huku nyuzi zikipiga taratibu wimbo wa mapenzi wa tendo la kwanza. Sikiliza rekodi ya Covent Garden ya Juni 1958. Callas anaisoma kama mtu aliyeshaisoma mara nyingi mpaka ameikariri, kisha anatoa "È tardi", muda umepita, na baada ya hapo aria ya kuaga, "Addio del passato". Mwisho wa aria Verdi anataka A ya juu kwa uzi mwembamba wa sauti. Katika rekodi hiyo noti inakaribia kukatika. Wapo waliosema ameshindwa, wapo waliosema huyo ni mgonjwa wa kifua kikuu, na hivyo ndivyo anavyotakiwa kusikika. Sisi tuko na hawa wa pili, kwa sababu maagizo ya Verdi yanawaunga mkono: angetaka noti nene angeandika hivyo.

Bwana Mhariri, nimesikia kwamba Callas alivua viatu jukwaani akavirusha, na magazeti yakamshambulia. Ni kweli? — Msomaji, Lubumbashi

Kweli. Ilikuwa La traviata ya La Scala, iliyoanza tarehe 28 Mei 1955, Luchino Visconti akiongoza jukwaa na Carlo Maria Giulini akiongoza okestra. Visconti aliisogeza hadithi hadi miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwisho wa tendo la kwanza wageni wameondoka, Violetta amebaki peke yake, na kabla ya "Sempre libera" Callas alivirusha viatu vyake. Sehemu ya hadhira na wahakiki waliona ni ushenzi, heroini wa Verdi hawezi kufanya hivyo. Giuseppe Di Stefano, aliyekuwa Alfredo, aliacha onyesho hilo baada ya usiku wa kwanza.

Tunafikiri Visconti alikuwa sahihi. Violetta ametoka kwenye karamu ndefu, amechoka, ni mgonjwa, na sasa hana mtu wa kumwigizia. Mwanamke wa namna hiyo huvua viatu. Na aria inayofuata ni ya mtu anayejidanganya kwamba uhuru wake unamfurahisha, kwa hiyo kitendo cha ovyo kidogo kinaendana na muziki wenye makeke. Katika tendo la mwisho Visconti alimfanya ajaribu kuvaa kofia na koti ili atoke nje, akafa hivyo, akiwa amesimama, macho wazi.

Ubishi ule una funzo kwa msomaji wa tahakiki. Wengi wa waliokasirika walikuwa wakilinganisha na Violetta waliyemzoea. Ukisoma uhakiki mkali jiulize: mwandishi anasema kitendo hicho kinapingana na muziki, au kinapingana na mazoea yake? Rekodi ya usiku ule wa kwanza ipo, na ndani yake kuna "Dite alla giovine" ya tendo la pili, pale Violetta anapokubali kumwacha Alfredo. Kabla ya mstari huo kuna noti moja iliyoning'inizwa peke yake. Isikilize kabla hujaamua upande wako.

Kuna mtu aliniambia ubora wa soprano hupimwa kwa dakika za makofi. Mnasemaje? — Msomaji, London

Hapana. Makofi marefu yanatokea kwa sababu nyingi, na kwenye nyumba za opera za Italia kulikuwa hata na vikundi vya kulipwa kupiga makofi. Yapo ya haki: Leontyne Price alipoimba Leonora katika Il trovatore kwa mara ya kwanza Metropolitan Opera ya New York, tarehe 27 Januari 1961, ukumbi ulimshangilia kwa zaidi ya nusu saa. Ila sehemu ya shangwe ile ilikuwa ya historia, mwanamke Mmarekani mweusi kuingia kwenye jukwaa lile kama primadona, na nyingine ilikuwa ya Franco Corelli, ambaye naye alikuwa anaimba hapo kwa mara ya kwanza usiku huohuo. Ubora wa Price uko kwenye rekodi zake, na unathibitika bila saa ya ukutani.

Assalamu alaykum. Tunaishi Muscat na tunakwenda kwenye jumba la opera. Mwimbaji hatumii maiki. Nikitaka kutoa hukumu ya haki, nikae wapi na nisikilize nini? — Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Mna bahati. Royal Opera House Muscat, iliyofunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot ya Puccini, ina nafasi kama 1,100. La Scala ina takriban 2,000, na Metropolitan ya sasa karibu 3,800. Sauti iliyowatosha Muscat inaweza kupotea New York, kwa hiyo msishangae mkisoma mhakiki wa huko akisema mwimbaji huyohuyo ni "mdogo".

Epukeni viti vya mbele kabisa, okestra itawafunika, na viti vya nyuma vilivyo chini ya balkoni, mwangwi wa juu hukatika. Katikati ya balkoni ya kwanza ndipo uwiano huwa mzuri.

Kuhusu maiki: nguvu kubwa ya okestra iko chini, jirani na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundishwa hujenga mng'ao wa sauti karibu na mitetemo 3,000, ambako okestra imepungua, ndiyo maana anasikika bila kupiga kelele. Soprano kwenye noti za juu anasaidiwa na noti yenyewe. Mahali pake pa hatari ni chini na katikati. Basi sikilizeni hapo: je, anasikika akiwa anaimba polepole kwenye noti za kati huku ala za kupuliza zikipiga? Noti ya juu kila mtu ataisikia. Na msikae na macho kwenye tafsiri muda wote, someni kisa nyumbani.

Wataalamu, kwa nini sauti ya Callas iliharibika mapema hivyo? Wengine wanasema ni kwa sababu alipunguza mwili. — Msomaji, Bujumbura

Ni kweli alipungua sana, hasa kati ya 1953 na 1954, na wapo wanaoamini msaada wa pumzi ulipungua pamoja na mwili. Wengine wanataja nafasi nzito alizoimba akiwa kijana, Isolde, Turandot, Brünnhilde, na noti alizojiongezea, kama ile E-flati ya juu ambayo Verdi hakuiandika, aliyoitupia mwisho wa tukio la ushindi katika Aida kule Mexico City. Hukumu ya mwisho haipo, na anayekupa sababu moja tu anakupunja.

Kuyumba kwenyewe unaweza kukupima. Mtetemo wa kawaida wa sauti ya opera ni mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Chini ya 5, na ukiwa mpana, sikio linausikia kama noti inayopanda na kushuka. Chagua noti aliyoishikilia sekunde mbili, icheze kwa nusu mwendo, hesabu mapigo. Kwa sekunde zile nne ukipata 10 hadi 14, ni salama. Ukipata 8 au chini ya hapo, inayumba. Fanya hivyo kwenye B-flati ileile ya "Vissi d'arte" mwaka 1953 na 1964. Utapata jibu lako mwenyewe, na utaona pia kwamba noti za kati zilidhurika kidogo kuliko za juu. Ndiyo maana Tosca wa 1964 alibaki na mengi ya kusifiwa.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho. Niliandika uhakiki wa maneno 600 juu ya filamu ya Callas, mwalimu akanirudishia akisema "umesifu, hujahakiki". Nimewaambatishia. Nirekebishe nini? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi, na kazi yako inarekebishika. Umeandika: "Sauti yake ya kimalaika ilitikisa ukumbi na kugusa nyoyo za wote." Msomaji hawezi kwenda popote na sentensi hiyo. Jaribu hivi: "Kwenye 'Vissi d'arte' alianza kwa sauti ndogo kiasi kwamba okestra ilibidi imfuate, na ingawa B-flati iliyumba, mstari wa mwisho ulishuka bila kukatika." Sasa hata asiyekubaliana nawe anajua asikilize wapi.

Maneno 600 yagawe bila huruma. Kazi, kondakta na mahali: 60. Soprano: 300, na hayo yote yaende kwenye nyakati tatu tu, siyo tendo zima. Waimbaji wengine: 120, maana bila Gobbi hakuna tendo la pili na wewe umemtaja mara moja tu. Jukwaa, mavazi na okestra: 80. Yaliyobaki ni hukumu yako, na iwe na kasoro ndani yake. Uhakiki usio na kasoro hata moja hauaminiki, hata kama kila sifa ni ya kweli.

Unapotazama, andika maneno ya Kiitaliano ya mahali penyewe na alama moja ya kile ulichosikia, kwa mfano "Signor: yayumba", kisha rudisha macho jukwaani. Usiandike sentensi nzima, utapoteza dakika. Sentensi andika mara tu baada ya tendo kwisha, kabla hujasoma uhakiki wa mtu mwingine. Futa "kimalaika", "ya kipekee" na "isiyo na kifani", umezitumia mara saba. Na jina la mwongozaji wa jukwaa ni Zeffirelli, kwa f mbili na l mbili.